Kiu Isiyokatwa Upesi

Ukitaka kujua kama okestra inaujua muziki wa mahaba, sikiliza inavyonyamaza.

Chukua utangulizi wa Tristan und Isolde, opera ya Richard Wagner iliyoonyeshwa mara ya kwanza Munich, tarehe 10 Juni 1865. Chelo zinaanza peke yake, zinaruka juu, zinateleza. Vyombo vya kupulizwa vinazipokea kwa sauti nne kwa pamoja, sauti ambazo sikio halikubali kutua juu yake. Kisha oboe, jamaa ya zumari letu, inapanda nusu hatua kwa nusu hatua na kuishia njiani. Aliyeimba kwaya anaijua hali hiyo: umefika ti, na do haiji.

Kinachofuata ni kimya, nacho kimeandikwa na Wagner mwenyewe. Kiongozi wa okestra asiyejiamini hukiharakisha. Mjuzi hukiacha kivute mpaka ujikute umezuia pumzi, ndipo chelo zinarudi, safari hii juu zaidi. Ikiwa kufikia mara ya tatu hujasogea mbele kitini, badilisha rekodi.

Baada ya hapo pima kilele. Utangulizi huchukua kama dakika 10 au 11, na unapopamba moto kabisa, zile sauti nne za mwanzo zinarudi kwa nguvu zote, bado hazijapata jibu, kisha kila kitu kinaporomoka. Okestra iliyokwisha kupiga makelele dakika ya tano haina tena cha kuongeza.

Wagner anamnyima msikilizaji kwa makusudi. Katika sehemu ya pili wapenzi wanaimba usiku kucha, na muziki ukiwa ukingoni kutua, ukelele unapasua hewa: wamefumaniwa. Jibu huja mwisho kabisa, baada ya takriban saa nne, Isolde akiwa mbele ya maiti ya Tristan. Mwimbaji aliyemaliza sauti mapema ameharibu hesabu yote.

(Umbea upo pia. Aliyeongoza onyesho la Munich ni Hans von Bülow, ambaye mkewe, Cosima, alikuwa amemzalia Wagner binti miezi miwili kabla. Mtoto aliitwa Isolde.)

Wapo watunzi walioyasema mahaba waziwazi zaidi. Richard Strauss alifungua opera yake Der Rosenkavalier, mwaka 1911, kwa baragumu za shaba ambazo hazimfichi mtu kinachoendelea kitandani. Shostakovich, katika opera yake ya mwaka 1934, alizitumia tromboni kwa namna ambayo ingemfanya shangazi atoke ukumbini. Ni ufundi, na unachekesha. Ila kwangu mimi, kuonyesha tendo ni rahisi kuliko kumfanya msikilizaji atamani.

Kwa rekodi za Tristan, kiongozi wa okestra anayejua kusubiri ni Furtwängler, wa 1952. Isolde wake ni Kirsten Flagstad, ingawa kwenye zile do za juu kabisa alisaidiwa na Elisabeth Schwarzkopf. Karl Böhm, Bayreuth 1966, ana haraka, lakini haraka yake ni ya homa, na Birgit Nilsson anafika mwisho sauti ikiwa nzima. Nisingeanza na ule mchanganyiko wa kumbi za muziki, utangulizi ukiunganishwa moja kwa moja na wimbo wa mwisho. Wagner mwenyewe aliwahi kuupiga hivyo, lakini huko kiu inakatwa ndani ya dakika 20, kabla haijakukausha koo.