Bei ya Soko, Isiyotajwa

Jumamosi iliyopita tulikuwa saba mezani, wote watu wa vitabu. Mwenzetu mmoja alipata kazi nzuri, akasema safari hii hatuli chipsi mayai. Tukatoka Dar hadi Bagamoyo, kwenye mgahawa wa bei mbaya unaotazama bahari, unaochanganya samaki wa huku na mapishi ya Vietnam. Jina lake nalihifadhi. Ninachohakiki hapa ni menyu, maana menyu nayo ni andiko.

Kwanza haki itendeke: chakula kilikuwa kitamu. Supu ya changu ilikuja na ukwaju, nanasi na nyanya. Wavietnam huiita canh chua. Nilipoonja tu nikamkumbuka bibi yangu na mchuzi wake wa ukwaju. Na wala si ajabu. Bahari hii imepika mseto karne nyingi kabla neno hilo halijapanda bei. Mnazi tunaojivunia ulitoka Asia. Pilau na achari, majina yenyewe yanakwambia yalikopitia. Menyu ingeweza kusimulia hayo kwa sentensi mbili. Badala yake ilijaa sifa za mchaichai na mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi, zote kwa Kiingereza. Kiswahili hakimo, utadhani pweza alikuja kwa ndege.

Lakini udhaifu mkubwa uko upande wa kulia wa ukurasa. Kwenye kamba kochi na samaki mzima, pale pa tarakimu, pameandikwa maneno ambayo kwa lugha yetu ni "bei ya soko". Basi. Hapo mwandishi amenyamaza makusudi, na ukimya huo una kazi: anayeuliza ajione mshamba. Sikuuliza. Niliagiza kamba kochi kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Dada mmoja kati yetu, aliyepunguzwa kazini miezi michache nyuma, alifunga menyu mapema. Akaomba maji na vile vipande vya kuku kwenye mshikaki. Bili ilipokuja mtu akasema, "Tugawane sawa, jamani, tusianze kuhesabu." Ndugu msomaji, nilitazama meza. Dada akafungua pochi, akalipa fungu lake, akatabasamu. Yeye ndiye aliyelipia kamba wangu.

Asubuhi nilishuka soko la samaki, ufukweni kwenye mji mkongwe. Pale bei ndiyo mazungumzo yenyewe. Mnadi anaitaja, mnunuzi anaiponda, mama wa karai la mafuta anaapa kwamba akiuza hivyo watoto hawatakula, kisha anauza. Hakuna anayeona haya. Hiyo ndiyo bei ya soko: inatajwa hadharani, na asiye nayo anaondoka mapema bila kudhalilika. Menyu ile ilikopa jina la soko ikaacha tabia yake.

Andiko zuri linaweza kuficha mambo mengi. Ila linapoficha gharama, kuna mtu mezani atakayeilipa kimyakimya, na mara nyingi ni yule asiyenacho.

Nilimtumia dada pesa yake kwenye simu, kisha nikampigia kumwomba radhi. Akacheka. "Mhakiki gani wewe? Unasoma mistari yote, halafu unaogopa kuuliza ule ambao haukuandikwa."