Bikoni Ikiita, Nani Anaitika?

Septemba 1982 ndege ndogo yenye watu watatu ilianguka katika milima ya British Columbia, magharibi mwa Kanada. Watatu hao walikuwa wametoka kutafuta ndege nyingine iliyotoweka wiki kadhaa kabla ikiwa na kijana wa mmoja wao. Ile ya kijana ilikuwa haijaonekana. Hii yao ilipatikana upesi, na tarehe 10 Septemba dunia ikahesabu watu wa kwanza kuokolewa kwa msaada wa setilaiti ya dharura.

Kilicholeta tofauti ni bikoni ya dharura, kisanduku cha redio kinachojiwasha ndege inapopata kishindo, pamoja na setilaiti ya Kisovieti iliyoitwa Cospas-1. Setilaiti hiyo ilikuwa na miezi miwili na siku chache tu angani, kwani ilirushwa 30 Juni mwaka huohuo, na mfumo mzima ulikuwa bado kwenye majaribio. Ulianzishwa na nchi nne kwa makubaliano ya 1979: Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti. Katikati ya Vita Baridi, chombo cha Moscow kilinasa mlio wa watu waliokwama Kanada na kuushusha kwenye antena ya Wakanada wenyewe. Inatia moyo kuisikia sehemu hiyo ya kisa, lakini mchambuzi ana swali jingine. Setilaiti ilijuaje walipo? Redio ile haikuwa na GPS. Ilitoa mlio mtupu, bila jina wala anwani.

Jibu liko kwenye kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Simama kando ya barabara kuu, basi likupite mbio huku dereva amebana honi. Likija, sauti ni nyembamba. Likishakupita, inashuka na kuwa nene. Honi ni ileile, ila mwendo wa basi kwako wewe ndio uliogeuka. Setilaiti za mzunguko wa chini hukimbia takriban kilomita 7 kwa sekunde, kwenye kimo cha kati ya kilomita 850 na 1,000. Setilaiti ikiikaribia bikoni, mawimbi inayoyapokea huwa na masafa ya juu kidogo kuliko yaliyotumwa. Ikiiacha nyuma, ya chini kidogo. Kompyuta ya kituo cha ardhini huyachora mabadiliko hayo, ukapatikana mstari unaoteremka. Katikati ya mteremko ndipo setilaiti ilipokuwa karibu zaidi na bikoni. Ukali wa mteremko nao unaeleza umbali: mstari ukianguka ghafla, bikoni iko karibu na njia ya setilaiti; ukishuka taratibu, iko mbali pembeni.

Pembeni, lakini upande upi? Hesabu hutoa majibu mawili, moja kushoto kwa njia ya setilaiti na jingine kulia. Kwa kuwa dunia nayo inazunguka, mchoro hupinda kidogo na kudokeza upande wa kweli, na setilaiti ikipita mara ya pili kwa njia nyingine, shaka inakwisha. Kwa bikoni za wakati ule, zilizotumia megahezi 121.5, kukosea kwa kilomita 20 hakukuwa ajabu. Hata hivyo, kwa rubani wa uokoaji hiyo ilikuwa neema. Miaka kumi kabla, Oktoba 1972, ndege iliyowabeba wabunge wa Marekani Hale Boggs na Nick Begich ilitoweka Alaska. Ilitafutwa kwa siku 39 na haijapatikana hadi leo. Hivyo ndivyo utafutaji unavyokuwa pasipo mahali pa kuanzia.

Bikoni hizo za zamani zilikuwa na kasoro kubwa mbili. Kwanza, setilaiti iliurudisha mlio papo hapo bila kuuhifadhi, kwa hiyo ilibidi iione bikoni na kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Ukikwama katikati ya bahari, au kwenye nchi zilizo mbali na kituo chochote, uliita bure. Kasoro ya pili ilikuwa mbaya zaidi: mlio haukusema anayeita ni nani. Ndege iliyotua vibaya ikaegeshwa kwenye banda lake ililia sawasawa na iliyoanguka mlimani, na vifaa vingine vya umeme vilipiga kelele kwenye masafa hayohayo. Tahadhari nyingi mno zilikuwa za uongo, na hapakuwa na mtu wa kumpigia simu kumuuliza. Tarehe 1 Februari 2009 setilaiti ziliacha kabisa kuyasikiliza masafa hayo.

Bikoni ya leo hutuma kwenye megahezi 406, kwa nguvu ya wati 5, kwa muda wa nusu sekunde hivi, kila baada ya sekunde 50 hivi. Katika nusu sekunde hiyo mna namba ya kifaa ambayo hakuna kingine duniani kilicho nayo, msimbo wa nchi, na kama kifaa kina GPS, mahali hasa kilipo. Setilaiti inaweza kuutunza ujumbe na kuushusha kwenye kituo cha mbele. Kwa Doppler peke yake sasa mahali hujulikana ndani ya kilomita 5 hivi. GPS ikiwamo, tunazungumzia kama mita 100. Tena vipokezi vya uokoaji vimewekwa kwenye setilaiti za GPS, Galileo na Glonass, zilizo zaidi ya kilomita 19,000 juu, kwa hiyo kadhaa huiona bikoni moja kwa pamoja na hakuna tena kungoja setilaiti ipite. Tangu 2020 Galileo hurudisha hata jibu: kwa bikoni zilizotengenezwa kulipokea, aliyekwama anaonyeshwa kwamba ishara yake imefika. Mtu aliyevunjika mguu gizani, peke yake, anapata sababu ya kutulia palepale alipo badala ya kujikokota hadi pabaya zaidi. Naihesabu hatua hiyo kuwa kubwa kuliko zote zilizopigwa tangu 1982.

Hata hivyo, setilaiti haimbebi mtu, na hapo ndipo simulizi nyingi za uokoaji hukatishwa mapema. Chukua kisa cha milima ya Adirondack, jimbo la New York, Novemba 2003. Bikoni za kubeba mfukoni zilikuwa zimeruhusiwa nchini Marekani tangu 1 Julai mwaka huo. Msafiri mmoja aliyekuwa na mtumbwi alikwama kwenye theluji nzito, akaiwasha yake. Kwa utaratibu wa huko, ujumbe ulishuka kwenye kituo cha ardhini, ukapita kituo cha uratibu kilichokuwa Suitland, Maryland, kisha ukafika kwa maofisa wa uokoaji wa jeshi la anga. Hao hufungua daftari la usajili, husoma namba ya bikoni na kupiga simu kwa mwenyewe au ndugu zake: yuko wapi, ameondoka na nani, alitarajiwa kurudi lini? Simu hiyo ya dakika mbili ndiyo inayotenganisha dharura ya kweli na kifaa kilichobonyezwa kwa bahati mbaya ndani ya begi. Helikopta iliondoka kambi ya Fort Drum na kumtoa. Katika kilomita za mwisho kinachowaongoza waokoaji ni mlio dhaifu wa 121.5, ambao bikoni za kisasa zimeubakiza kwa kazi hiyo tu.

Wiki chache baadaye msafiri yuleyule alirudi kuchukua vifaa alivyoviacha, akakwama tena, akaiwasha tena. Helikopta ilikuja. Safari hii alifunguliwa mashtaka ya kutoa taarifa ya uongo. Wapo waliosema ni ukatili kumshtaki mtu aliyekuwa kwenye baridi kali. Mimi naona mamlaka zilikuwa na hoja nzito: kila helikopta inayopaa kwenye dhoruba inabeba wahudumu wenye wake, waume na watoto nyumbani, na bikoni si namba ya teksi.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, KQ507, ilianguka usiku muda mfupi baada ya kuruka kutoka Douala, Kameruni, na watu wote 114 wakafariki. Mabaki yalikuwa chini ya kilomita 6 kutoka uwanjani, lakini yalionekana baada ya saa 40 hivi, na watafutaji walikuwa wametumwa kwanza kwenye misitu iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Ukaribu haukusaidia kitu pasipokuwa na mahali palipojulikana.

Bikoni iliyowekewa msimbo wa nchi wa 634 hujulikana kuwa ya Kenya, na 674 au 677 ya Tanzania. Mombasa ina kituo cha kikanda cha uratibu wa uokoaji baharini tangu 2006. Lakini ofisa wa zamu anayeletewa namba isiyo na jina wala simu nyuma yake hana wa kumuuliza, na saa zinapotea akijaribu kujua kama anatafuta mashua, ndege au mpanda mlima. Mwenye kifaa ambaye nchi yake haina daftari anaweza, pale nchi ilipoidhinisha, kukiandikisha bure kwenye daftari la kimataifa la mtandaoni.

Kama unaongoza wageni mlimani, unamiliki mashua ya uvuvi wa bahari kuu au unarusha ndege ndogo kwenda mbugani, itoe bikoni yako leo uisome tarehe ya mwisho ya betri. Ile ya mfukoni inatakiwa kutuma kwa saa 24 angalau, na betri iliyochakaa haitafika huko. Hakikisha kila unayemchukua anajua kwamba antena husimamishwa wima mahali pa wazi, si chini ya mwamba wala ndani ya korongo. Kisha iandikishe, na ukibadilisha laini ya simu, rudi ubadilishe na kwenye daftari.