Msingi wa Nani? Uhakiki wa Sarufi ya Kiingereza kwa Wanafunzi Wanaoanza, kwa Mfano wa Ngaremara

1. Utangulizi

Vitabu vinavyofundisha sarufi ya Kiingereza kwa wanaoanza hujengwa juu ya dhana moja ambayo aghalabu haielezwi: kwamba yako mambo mepesi na mambo magumu katika lugha hiyo, kwamba mambo mepesi yanajulikana, na kwamba ni yaleyale kwa kila mwanafunzi. Mambo hayo mepesi ndiyo yaitwayo msingi. Makala haya yanakusudia kuihakiki dhana hiyo kwa kuitazama kutoka Ngaremara, katika Kaunti ya Isiolo nchini Kenya, mahali ambapo udhaifu wake unaonekana wazi kuliko Nairobi au Mombasa. Hoja inayotetewa ni kwamba wepesi wa kanuni ya sarufi haumo katika kanuni yenyewe. Umo katika umbali uliopo baina ya kanuni hiyo na lugha aliyokuja nayo mtoto darasani. Kitabu kisichoupima umbali huo humwita mjinga mtoto ambaye kwa kweli anatumia akili yake barabara.

Jambo hili si la nadharia tupu. Chini ya sera ya elimu ya Kenya, mtoto hufundishwa kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya mwanzo, huku Kiingereza kikiwa somo. Kuanzia darasa la nne Kiingereza huwa ndicho chombo cha kufundishia hesabu, sayansi na masomo mengine yasiyo ya lugha. Asiyeushika msingi katika miaka hiyo mitatu hupoteza zaidi ya somo moja.

2. Asili ya mpangilio wa masomo

Yafaa ikumbukwe mpangilio huu wa masomo ulizaliwa wapi. Mwaka 1957 kituo maalumu cha kutunga masomo kwa Kiingereza kilianzishwa Nairobi, na majaribio yake ya kwanza yalifanywa katika shule za mjini za watoto wa Kiasia. Utaratibu huo, uliokuja kujulikana kwa jina la New Primary Approach, ulipelekwa baadaye katika shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 iliona vingine. Ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, na Kiswahili kiwe somo la lazima. Tangu hapo mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, ukafuatwa na mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019. Katika mabadiliko hayo yote swali lililojadiliwa ni lugha gani ifundishie, na kuanzia lini. Swali la namna Kiingereza chenyewe kipangwe kwa mtoto wa Kiturkana, wa Kiborana au wa Kimeru limebaki pembeni.

Mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kote kuanzia mwaka 2015, ulileta nafuu kubwa kwa kumpatia kila mtoto kitabu cha Kiingereza na cha Kiswahili. Hata hivyo kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja kwa nchi nzima. Usawa wa kugawa vitabu ni jambo la kusifiwa. Lakini kitabu kimoja hakiko umbali mmoja na wasomaji wake wote.

3. Ngaremara na lugha zake

Ngaremara iko kaskazini ya mji wa Isiolo, kando ya barabara iendayo Archer's Post na Marsabit. Jina lenyewe lina asili ya Kimaa, ambamo *ngare* ni maji, ilhali wakazi wengi wa leo ni Waturkana. Samburu wako jirani upande wa kaskazini. Waborana wameenea katika sehemu kubwa ya kaunti. Wameru wako kusini. Na Kiswahili ndicho kiungo cha sokoni, barabarani na ofisini.

Kwa mwanaisimu, eneo hili ni hazina. Katika mwendo wa kilomita chache zinakutana familia tatu za lugha. Kiturkana na Kisamburu ni lugha za Kiniloti cha Mashariki. Kiborana, ambacho ni tawi la Kioromo, ni lugha ya Kikushi. Kimeru na Kiswahili ni lugha za Kibantu. Tofauti kubwa kati yao huonekana katika nafasi ya kitenzi. Mturkana na Msamburu hutanguliza kitenzi, kisha hutaja kiima na yambwa. Mborana hukiweka kitenzi mwisho. Mmeru na Mswahili hukiweka katikati. Darasa moja la Isiolo laweza kuwa na watoto ambao kwao kitenzi kina makao matatu mbalimbali, nao wote hufunguliwa ukurasa mmoja na kuambiwa warudie "This is a book".

4. Mambo manne yaitwayo mepesi

4.1 Mpangilio wa maneno. Kiingereza hukiweka kitenzi katikati, na katika jambo hili mtoto wa Kimeru ana bahati. Mturkana husema *Ejok ikoku*, yaani "Mtoto ni mwema", na neno la kwanza ndilo kitenzi. Sasa Kiingereza kina muundo wa kutanguliza kitenzi, lakini kimeupa kazi nyingine: "Is the child good?" ni swali. Kwa hiyo umbo ambalo kwa mtoto wa Kiturkana ni taarifa ya kawaida kabisa, kwa Kiingereza ni kuuliza. Kitabu kinachofundisha taarifa katika somo moja na swali katika somo lifuatalo, kana kwamba swali ni taarifa iliyogeuzwa kidogo tu, kinamtaka mtoto huyu apindue maana ya umbo alilolizoea tangu kuzaliwa. Jambo hilo linahitaji mazoezi yake peke yake, wala halitimizwi kwa mstari mmoja wa maelezo.

4.2 Kitenzi "to be". Maumbo "am", "is" na "are" hukaa katika kurasa za mwanzo za karibu kila kitabu, kwa kuwa ni mafupi na hutumika mno. Mswahili ana *ni*, isiyobadilika kwa nafsi wala kwa idadi. Akiambiwa kwamba *ni* moja imegawanyika mara tatu, ataelewa pa kuanzia. Hali ya Mturkana ni nyingine. Katika *ejok*, wema ni kitenzi chenyewe, na kiambishi cha mwanzo ndicho kinachotaja nafsi: *a-* kwa nafsi ya kwanza, *i-* kwa ya pili, *e-* kwa ya tatu. Hakuna kitenzi kingine cha kuunganisha mtu na sifa yake, kwa sababu sifa imekwisha kuwa kitenzi. Mtoto akiandika "The child good", mwalimu husema amesahau "is". Kwa hakika hajasahau lolote. "Good" kwake imebeba ukitenzi ndani yake. Kusahihisha kwa kuchomeka neno lililokosekana hakufiki kwenye mzizi wa kosa. Linalopasa kufundishwa ni kwamba Kiingereza kimeiondoa sifa katika kundi la vitenzi.

4.3 Wingi. Hapa mambo yanageuka, na ndipo kosa la kuitazama Ngaremara kwa macho ya Kiswahili linapojitokeza. Kiswahili huonyesha wingi mwanzoni mwa neno: *mtoto*, *watoto*. Kiingereza huuonyesha mwishoni. Kiturkana huweza kufanya yote mawili: *ekile*, mwanamume, huwa *ngikiliok*, ambapo kiambishi cha mwanzo kimebadilika na mwisho pia umeongezwa. Kwa mtoto wa Kiturkana, basi, "book" kuwa "books" si jambo geni. Hata maumbo yasiyofuata kanuni, ambayo vitabu huyaahirisha kwa kuyaogopa, hayamtishi, kwani katika lugha yake *ikoku*, mtoto, wingi wake ni *ngide*. Aliyekwisha kuzoea jozi kama hiyo atapokea "person" na "people" bila kushtuka. Mwalimu anayeeleza wingi wa Kiingereza kwa kupitia *m-* na *wa-* humzungusha mtoto njia ndefu, na njia fupi ipo mlangoni pake.

4.4 Viwakilishi "he" na "she". Huzoeleka kusemwa kwamba mtoto wa Kiafrika huchanganya viwakilishi hivi kwa sababu lugha yake haina jinsi. Kauli hiyo ni kweli kwa Kiswahili, chenye *yeye* mmoja na ngeli zisizojali ume na uke. Si kweli kwa Kiturkana. Nomino za Kiturkana zina jinsi tatu: *ekile* ni ya kiume, *aberu*, mwanamke, ni ya kike, na *ikoku* si ya huku wala huko. Lakini kiwakilishi cha nafsi ya tatu, *ngesi*, ni kimoja kwa wote. Kiingereza ni kinyume chake: nomino zake hazina alama ya jinsi, viwakilishi vinayo. Mturkana anayo dhana; kilichohama ni mahali pa kuionyesha. Mborana, kwa upande wake, ana viwakilishi viwili vya nafsi ya tatu umoja, cha kiume na cha kike, na kitenzi chake hubadilika pamoja navyo. Kwa hiyo somo hilihili ni jepesi kwa Mborana, ni la kuhamisha dhana kwa Mturkana, na ni la kujifunza upya kwa aliyeanza na Kiswahili. Kitabu hulipa muda mmoja kwa wote watatu.

5. Mipaka ya ulinganishi

Isidhaniwe kwamba kulinganisha lugha kunatosha. Robert Lado alipoeneza mkabala huo mwaka 1957, wafuasi wake walitumaini kuyatabiri makosa yote ya wanafunzi kwa kuziweka lugha mbili sambamba. Matumaini hayo hayakutimia. S. P. Corder alionyesha mwaka 1967 kwamba kosa ni ushahidi wa kanuni ambayo mwanafunzi mwenyewe anaijenga, na Larry Selinker mwaka 1972 akaupa mfumo huo wa kati hadhi ya kuchunguzwa kwa kanuni zake. Mtoto anayesema "goed" hakuitoa lughani mwake. Ameitoa katika Kiingereza chenyewe kwa kufikiri.

Aidha, uchunguzi wa Roger Brown wa mwaka 1973 juu ya watoto watatu waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya kwanza ulionyesha kwamba "-ing" hushikwa mapema, na "-s" ya nafsi ya tatu hushikwa baadaye sana. Dulay na Burt, mwaka 1974, walikuta mpangilio unaokaribiana kwa watoto wa Kihispania na wa Kichina waliojifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Ushahidi huu unaonekana kupinga hoja ya makala haya, kwa kuwa unaashiria njia inayofanana kwa wengi. Lakini unavipinga vitabu zaidi. Kanuni ya "-s" huelezwa kwa sentensi moja, hivyo hutangulizwa na kutahiniwa mapema, ilhali ni katika mambo yanayochelewa kukomaa hata kwa mtoto wa Uingereza. Waandishi wamechukua wepesi wa kueleza wakaufanya wepesi wa kujifunza. Mtoto wa Ngaremara hutozwa faini mara mbili: kwa umbali wa lugha yake, na kwa haraka ya kitabu.

6. Nafasi ya Kiswahili

Wapo watakaosema kwamba daraja lipo tayari, nalo ni Kiswahili. Hoja hii ina uzito. Darasa lenye watoto wa lugha nne haliwezi kufundishwa kwa lugha nne, na Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, ndicho kinachowakutanisha. Istilahi zake pia zimekwisha kukomaa: nomino, kitenzi, kivumishi, kiwakilishi. Lakini ni lazima kutofautisha lugha ya kuelezea na lugha ya kulinganishia. Mwalimu aweza kueleza kwa Kiswahili jambo ambalo kielelezo chake ni cha Kiturkana. Akifanya vyote kwa Kiswahili, humtaka mtoto avuke mto mmoja kwa kupitia mwingine, kwani kwa wengi wa Ngaremara Kiswahili nacho hukamilishwa shuleni.

Kisingizio cha kutojua hakipo. Gerrit Dimmendaal alichapisha sarufi ya kina ya Kiturkana mwaka 1983, na lugha jirani zake nazo zimechunguzwa. Maarifa hayo yamekaa katika maktaba za vyuo vikuu na hayajashuka hadi katika kiongozi cha mwalimu.

7. Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kitabu cha Kiingereza kwa kila kabila. Gharama yake haibebeki, na darasa la mchanganyiko lisingejua litumie kipi. Kinachopendekezwa ni kidogo na chawezekana: kitabu cha mwanafunzi kibaki kimoja, lakini kiongozi cha mwalimu kiwe na kurasa chache kwa kila kundi la lugha, za Kiniloti, za Kikushi na za Kibantu, zikionyesha mahali ambapo somo litateleza na mahali ambapo mtoto tayari anajua. Pili, kanuni zinazochelewa kukomaa, kama "-s" ya nafsi ya tatu, zifundishwe bila kutahiniwa katika madarasa matatu ya mwanzo. Tatu, idara za lugha za Kiafrika, ambazo mara nyingi huliacha suala la Kiingereza kwa idara ya Kiingereza, zikubali kwamba suala hili ni lao, maana nusu ya jibu lake imo katika Kiturkana, Kiborana na Kimeru.

Neno msingi katika Kiswahili lina maana ya kile kilichochimbwa ardhini kabla ya ukuta kusimama. Mjenzi haanzi kuuchimba pasipo kuijua ardhi ya kiwanja. Sarufi ya Kiingereza inayofundishwa Ngaremara imeletwa na ukuta wake tayari. Ardhi ya pale bado haijapimwa.