Springi ya Land Rover, kisu cha ndizi

Mhunzi wa Kaisho, mkoani Kagera, akikupa kisu ukitazame, muulize kwanza chuma amekitoa wapi. Mara nyingi atakuonyesha kipande cha springi ya bapa, pengine ya Land Rover zile za kabla ya 1983. Watu husifu nyundo. Kwangu mimi, kisu huamuliwa na jicho linalochagua chuma, halafu na moto wa mwisho.

Springi ina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi, ikichomwa na kupozwa ghafla, inakuwa ngumu. Nondo ya kawaida haina kiasi hicho, ukiifua utapata umbo la kisu tu. Mhunzi hana maabara, basi husugua chuma kwenye jiwe la grenda na kutazama cheche: zikichanua vinyota vingi, kaboni imo.

Kuchagua huku ni kwa zamani Kagera. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la kuzalisha chuma mbele ya mtafiti Peter Schmidt, wakaweka matete yaliyochomwa shimoni na kuingiza mirija ya udongo hadi ndani ya moto. Bonge lililotoka halikuwa sawa kote, huku laini, kule chuma cha pua. Ilibidi mhunzi alisome kabla ya kulifua.

Turudi kwenye springi. Huchomwa ikawa nyekundu, ikafuliwa, kisha ikafukiwa kwenye majivu usiku kucha ili tupa iume. Inachongwa, lakini makali huachwa manene kidogo yasije yakapinda motoni. Kisha unakuja moto wenyewe. Bapa huchomwa mpaka sumaku, iliyong'olewa kwenye spika mbovu, isilishike tena. Hapo limepita nyuzi 770 za Selsiasi. Linapandishwa kidogo tu, halafu linazamishwa kwenye oili chafu ya gereji. Ukitumia maji, sikiliza: mlio mdogo kama kijiti kikivunjika, na kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Nimeusikia kwa kisu changu mwenyewe.

Likitoka, tupa inateleza juu yake kama juu ya kioo, na kama kioo litavunjika. Kwa hiyo linasuguliwa ling'ae, mgongo ukalazwa juu ya chuma cha moto, rangi zikaanza kutembea kuelekea kwenye makali: mabua makavu, kahawia, zambarau. Kisu cha jikoni hukomea kwenye kahawia, panga huachwa lifike zambarau. Visu vingi vya sokoni vinavyomeguka vimerukishwa dakika hizi chache.

Mkia hutiwa moto na kupigiliwa ndani ya kipini cha mti mkavu wa mbuni, moshi ukifuka. Siku ya kwanza ya kumenya ndizi, utomvu unalipaka bapa weusi usiotoka. Wanunuzi wa mjini hudhani ni kutu, wanarudisha.