Kupanua Tundu la Kitasa

Kutoboa mlango mzima ni kazi ya kawaida. Inayonisimamisha nitazame ni ya kupanua tundu lililokwisha kutobolewa. Tangu Bariadi iwe makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, nyumba za kupanga zimeongezeka, na mpangaji mpya hutaka kitasa chake. Vitasa vingi vya mviringo hudai tundu la milimita 54. La zamani mara nyingi ni dogo.

Ugumu uko hapa. Msumeno wa kikombe huongozwa na keekee nyembamba ya katikati, ambayo hutangulia kuuma mbao ili msumeno usitangetange. Katikati sasa pana uwazi. Ukiwasha mashine hivyo hivyo, meno yanaruka na kuchana uso wa mlango. Na kama mlango ni wa mninga, hasara ni kubwa: huo ni mti wa miombo, wa kina Tabora na Katavi, si wa mbuga hizi za pamba.

Fundi ninayempenda kumtazama huanza na penseli. Anachora msalaba kwenye kitovu anachokitaka, mistari mirefu kupita tundu jipya ili isiliwe na msumeno. Anachora msalaba kama huo kwenye kipande cha plaiwudi, kisha anatoboa humo tundu la 54. Anakilaza juu ya mlango, anakutanisha mistari, anakibana kwa jiriwa. Keekee ya katikati anaichomoa. Kuanzia hapo ukingo wa plaiwudi ndio unaoushika msumeno. Hata kitovu kipya kikihama kidogo, sawa tu, mradi tundu la zamani limezwe lote.

“Fundi, si ungechonga tu kwa tupa?” mwenye mlango aliuliza.

“Tupa hufuata upande laini, mama. Utapata yai.”

Umeme ukikatika, naye huishika tupa ya nusu duara, akisaga kutoka pande zote mbili kuelekea katikati, akipima na kupima tena. Anaiweza. Ila haipendi.

Kwa msumeno, akifika nusu ya unene, anasimamisha mashine. Kwa skwea anaivusha mistari kupitia ukingo wa mlango hadi upande wa pili, anakibana tena kile kipande, anamalizia kutokea huko, maana meno yakitokeza upande wa pili hupasua mbao. Bamba la kitasa lingeficha mikwaruzo hiyo, na wengi hulitegemea, yeye hapana. Halafu anageukia ukingo: tundu la ulimi nalo lazima lielekee kitovu hicho hicho.