Radi ya Sumbawanga na Breka Isiyosinzia

Taja Sumbawanga popote Tanzania, hakosekani mtu wa kukutania kuhusu radi za kichawi. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na utani hauishi. Mafundi wa umeme nao wana kisa chao cha radi, kisichohitaji mganga.

Kwa miaka mingi mji huu wa nyanda za juu za Ufipa ulikuwa nje ya gridi ya taifa. Umeme ulivuka mpaka kutoka Zambia, kupitia Mbala, kwa laini ya kilovolti 66. Radi ikipiga laini ya namna hiyo, mkondo huruka kutoka waya hadi nguzo, na usipokatwa upesi huunguza vifaa.

Kinachoukata si kifaa kimoja. Transfoma ndogo za kupimia huhisi mkondo umezidi, rilei huamua, sakiti breka hukata njia. Rilei na breka hupewa nguvu na betri ya kituo, maana hitilafu inapotokea ndipo umeme wa kawaida unapoyumba. Kiungo kimoja kikilala, vilivyobaki ni pambo.

Viwanda vya mafuta, gesi na kemikali hujilinda kwa mnyororo huo huo: kihisi, kompyuta ya uamuzi, vali. Viwango vya IEC 61508 na 61511 huupima kwa ngazi. Katika ngazi ya 1, ukiitwa mara 10 unaruhusiwa kushindwa chini ya mara 1. Ya 2, chini ya mara 1 katika 100. Ya 3, katika 1,000.

Neno zito hapo ni "ukiitwa". Kinga hukaa bure miaka, na ikiharibika haipigi kelele.

Tarehe 11 Desemba 2005, kwenye bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, geji ya tangi namba 912 ilikwama huku petroli ikiendelea kuingia. Haikuwa mara ya kwanza: tangu mwisho wa Agosti ilikuwa imekwama mara 14. Kinga ya pili, swichi iliyowekwa kwa ajili ya dharura kama hiyo, haikufanya kazi. Mtambo wake wa majaribio ulikuwa na wenzo uliopaswa kushikiliwa na kufuli. Walioufunga walidhani kufuli ni la kuzuia wachezeaji tu, wakaliacha. Zaidi ya lita 250,000 zilimwagika, mvuke ukalipuka, watu zaidi ya 40 wakajeruhiwa.

Kwenye umeme nako, kinga hujulikana ni nzima kwa kujaribiwa yote: fundi anayejaribu rilei kwa mkondo wa bandia bila kuisubiri breka iruke, basi, amejaribu nusu tu ya kinga.