Chaji ya Pikipiki Kuukuu: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Katika vijiwe vya bodaboda vya Singida mjini, betri ndiyo hushitakiwa kwanza. Pikipiki ikigoma kuwaka kwa stata asubuhi, honi ikikohoa, indiketa zikisinzia, mwenye chombo anakimbilia dukani kununua betri mpya. Wiki chache baadaye anarudi na lalamiko lilelile, na safari hii anamlaumu aliyeitengeneza. Mara nyingi betri haina kosa. Imeshindishwa njaa au imelishwa kupita kiasi, na aliyeifunga hakupima chochote. Nazungumzia hapa pikipiki iliyokwisha kula miaka: Boxer au TVS iliyopita mikono kadhaa, au zile Honda XL 125 na Yamaha DT 125 za miradi na mabwana shamba.

Mfumo wenyewe una vitu vichache. Sumaku inazunguka pamoja na injini, inapita kando ya koili za shaba zilizotulia, nazo koili zinazaa umeme geu, ule mafundi wanaouita AC. Regyuleta inaunyoosha umeme huo na kuuzuia usipande mno, kisha waya unaupeleka kwenye betri. Sumaku haina swichi. Injini ikizunguka, umeme unazaliwa upende usipende, na katika pikipiki nyingi ndogo regyuleta huondoa ziada kwa kuirudisha kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, jambo linaloifanya ipate moto. Ndiyo maana ina mapezi ya alumini na inatakiwa ikae penye upepo. Ukiikuta imefichwa nyuma ya kava, imevikwa tope kavu la mbuga ya Wembere, fahamu kwamba inajipika yenyewe.

Fundi wa chaji anatambulika kwa multimita. Akianza kwa kukuuliza bei ya betri unayoimudu, ondoka. Mwenye ujuzi huigusa betri kwanza ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 12.6 hadi 12.8 maana yake imejaa, 12.2 imebaki nusu hivi, chini ya 12 imekwisha. Betri ya volti 12 ina vyumba sita vyenye takriban volti 2.1 kila kimoja, kwa hiyo ikichajiwa usiku kucha na bado ikasimama kwenye 10.5, chumba kimoja kimekufa na hakuna dawa. Halafu anabonyeza stata huku akiangalia mita. Ikiporomoka chini ya 9.5 hivi, betri imechoka hata kama ilisoma vizuri ilipolala. Mwisho anawasha injini. Kwenye silensa, yaani injini ikinguruma taratibu bila kuongezwa moto, usitarajie makuu. Anapoongeza moto hadi kasi ya kati, mita ipande na kutulia kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12.5, betri hailishwi. Ikivuka 15, regyuleta imepoteza breki, na hapo ndipo maji ya betri yanapochemka, vizibo vinalowa na balbu zinaungua mfululizo. Zile za miaka ya 1970 zenye mfumo wa volti 6 zipimwe kwa nusu ya hesabu hizo.

Kuna kipimo cha uongo ambacho kimezoeleka mno: fundi anavuta mafuta, taa kubwa inang'aa zaidi, naye anatangaza, "Chaji ipo." Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani taa kubwa inakula moja kwa moja kutoka kwenye koili bila kupitia betri. Lazima ing'ae injini ikikimbia na ififie ikitulia, hata betri ikiwa mfu kabisa.

Tuje kwenye nyaya, maana hapa ndipo ubora unapoonekana kwa macho. Ng'oa siti na kava za pembeni. Fuata waya kutoka injini hadi regyuleta, uikague soketi inayoviunganisha. Ikiwa plastiki yake imegeuka kahawia, au imeyeyuka kidogo pembeni, umeipata sehemu inayokula chaji yako. Mguso legevu huzaa joto, joto hulegeza mguso zaidi, na mwenye pikipiki anaendelea kununua regyuleta. Kazi safi ni kukata sehemu iliyoungua hadi ufikie shaba inayong'aa, kisha kufunga vichwa vipya vilivyobanwa kwa koleo lake. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia solotepu ni kazi ya kufika nyumbani tu. Kwa jua la Manyoni gundi ya tepu hiyo hutoka jasho, vumbi linaganda, na ndani shaba inageuka kijani. Kuchomelea kwa risasi kunasifiwa sana. Mimi nakukubali nusu: kiungo cha risasi ni kigumu, na kwenye barabara ya makorongo waya hukatikia pale pale risasi inapoishia, usipofungwa kwenye fremu ukatulia. Shika kila kiungo uvute kwa nguvu ya wastani. Kinachochomoka mkononi mwako kingechomoka njiani, usiku, na gunia la alizeti nyuma.

Rangi nazo zinasema. Honda, na pikipiki nyingi za Kichina zinazofuata mpangilio wake, hutumia kijani kwa waya wa bodi; Yamaha hutumia nyeusi. Nyekundu ni ya betri. Fundi mwenye heshima akibadilisha waya anatafuta rangi ileile, na unene uleule au zaidi. Ukikuta waya wa spika umeungwa katikati ya njia ya chaji, aliyepita hapo alikuwa anamaliza siku.

Kipimo kimoja ambacho wachache hukifanya, nami nakipenda kuliko vyote: injini ikiwa kasi ya kati, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa kutokea regyuleta. Usomaji ukizidi 0.3 hivi, umeme unapotelea njiani. Rudia upande wa hasi, kutoka betri hadi chuma cha injini. Mara nyingi ugonjwa uko huku, kwenye boliti ya bodi iliyopakwa rangi au kutu. Ikwangue, ikaze, upime tena. Dawa hiyo haina gharama, pengine ndiyo sababu hutaisikia ikitajwa.

Koili ikishukiwa, ipimwe kabla ya kufunguliwa. Kwenye zile za nyaya tatu za njano, kila jozi itoe kiasi kinacholingana, na hakuna waya unaopaswa kugusana na bodi. Ila tahadhari: koili nyingi ndogo za njia moja zimefungwa bodini kiwandani upande mmoja, na kuna zilizotupwa zikiwa nzima kwa kutojua hilo. Koili nzuri ina rangi ya asali. Nyeusi inayopukutika imeungua. Ukiamua kuisuka upya, dai shaba ya unene wa awali, mizunguko iliyolala kwa mpangilio, na vanishi iliyokauka kabla haijarudi ndani ya oili.

Halafu kuna mzigo. Taa ya wati 35 peke yake inavuta karibu ampea 3. Ongeza taa za ziada, redio na chaja ya simu, kisha mpeleke abiria usiku kwa mwendo wa kinyonga kwenye mchanga wa Ikungi, na koili itashindwa kurudisha kinachotoka. Kubadili indiketa na taa ya nyuma kuwa za LED kunasaidia kweli, ingawa huenda flasha nayo ikahitaji kubadilishwa. Kusikiliza redio kijiweni injini ikiwa imezimwa ndiko kunakomaliza betri nyingi.

Utunzaji wa betri ya maji ni mfupi. Ongeza maji yaliyotoneshwa hadi mstari wa juu, usiongeze asidi. Ichaji polepole, kwa moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 5 iingizwe nusu ampea. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vizibo vikiwa vimefungwa barabara, kwa sababu magadi yakiingia ndani yanaiua asidi. Kausha, kaza, paka mafuta ya mgando.

Unaponunua pikipiki ya mtu, njoo na multimita yako, uombe siti itolewe na injini iwashwe mbele yako. Alama za kuungua kwenye soketi zipunguze bei. Betri mpya inayong'aa juu ya nyaya za kusokota ipunguze bei zaidi, kwa kuwa kuna ugonjwa uliofunikwa. Muuzaji akikataa kutoa siti, usimpe hata pesa ya kishika uchumba.